Mashine Iliyosahau Viungo Vyake

Mwanangu Athmani,

Assalaam aleikum. Barua kwa desturi huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai vikombe viwili, ukavaa lile shati la buluu, ukaenda Likoni kumuaga bibi yako. Utarudi na feri ya jioni. Basi ninao mchana huu mmoja wa kuandika nisiyoweza kuyasema ukiwa umenikabili, maana ukinikabili utaniuliza maswali, nami nikiulizwa maswali hupandisha sauti, na sauti ikipanda maneno huharibika.

Sitakuandikia habari za kula, kulala wala kuswali. Hayo nimekuambia tangu unatambaa. Kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza.

Kesho unakwenda Nairobi kuanza kazi ya kutengeneza kompyuta za maofisi, na utakaa nyumbani kwa mjomba wako Swaleh. Kazi hiyo na nyumba hiyo zina kisa kimoja, nawe hukijui. Kilitokea ulipokuwa bweni, kidato cha tatu. Uliporudi likizo uliniuliza, "Mama, mjomba yuko wapi?" nikakujibu, "Ameenda bara kutafuta riziki." Haukuwa uongo. Wala haukuwa ukweli wote.

Watu wa Bombolulu husema Mama Athmani hakiamini hata kivuli chake. Wasemavyo ndivyo nilivyo, lakini sikuzaliwa hivyo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka kwa jinsi nilivyokuwa nikimwamini kila mchuuzi. Nilipoachishwa kazi ya taipu mjini, ofisi ilipoleta kompyuta ikaona haina haja na wapigaji chapa wote wale, nilichukua nilichopewa nikanunua kompyuta iliyotumika na printa yake, nikafungua kile chumba unachokijua karibu na barabara ya Malindi. Cha ndani ya mashine sikujua hata kimoja. Ikikataa, nilimwita fundi, kijana mtanashati kutoka mjini, mwenye mkoba wa ngozi na maneno matamu.

"Mama, toka nje kidogo," angesema, "kuna vumbi humu."

Nami mjinga nikatoka. Kila alipokuja mashine ilipona, na kila alipoondoka ilikuwa nzito kuliko jana. Siku moja nikamwambia leo sitoki, vumbi nimelizoea, nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Siku hiyo alisema ugonjwa hauonekani, akafunga mkoba akaenda zake. Sikumwona tena. Fundi mwingine ndiye aliyenifunulia: kumbukumbu mbili nilizonunua na mashine, vile vibao vyembamba vya mle ndani, moja haimo, na iliyobaki ni ya aina nyingine kabisa, dhaifu, imechomekwa pale ili mashine iwake tu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kufungua kompyuta. Wengine hujifunza kwa kupenda elimu. Mimi nilijifunza kwa kutomwamini aliyekuwa akinifungulia.

Nilianza vibaya. Mashine ikiniandikia kwamba ina kifaa isichokijua, na kuweka ile alama ya njano ya kuuliza, nilibahatisha. Unajua draiva ni nini, ile programu ndogo inayoifunza kompyuta kusema na kifaa chake. Mimi nilikuwa nikichukua disketi yoyote yenye draiva inayofananafanana, naitia, nasubiri. Ikikubali, nashukuru. Isipokubali, natia nyingine. Ndivyo nilivyoiua kadi ya picha katika kompyuta ya mwalimu mmoja wa Magogoni, nikamwambia ilikuja ikiwa mgonjwa. Alinisadiki. Uso wake wa kunisadiki siusahau.

Na lipo jingine. Shule moja ilinipa mitihani ya muhula niipige chapa. Kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kuchapisha tu. Nikasikia mjini kwamba draiva mpya ya printa yangu imetoka, ina kasi zaidi. Nikaenda kuifuata, nikaitia siku ile ile, na ile ya zamani nikaifuta, kwani kipya si kimekuja? Printa ikaanza kutoa alama za ajabu, nyota na mikia, karatasi juu ya karatasi. Ya zamani sina, disketi yake nilimwazima mtu na hakuirudisha. Mwalimu mkuu alikuja asubuhi, akanikuta nimekaa katikati ya karatasi zilizoharibika. Hakunitukana. Alichukua makaratasi yake ya mkono akaondoka, na shule ile haikunipa kazi tena.

Ukifika huko Nairobi utaambiwa kila siku kwamba kuna kipya. Kichukue, kwani mashine isiyofanyiwa upya hubaki nyuma mpaka hakuna cha leo kitakachokubaliana nayo. Lakini muulize anayekuletea amekitoa wapi, na cha zamani ukiweke mahali unapopajua kabla ya kukigusa. Tena usikitie siku ambayo mtu anaingoja kazi yake. Kisha usikae na kubahatisha kama nilivyobahatisha. Fungua kifuniko, shika kadi pembeni, soma namba iliyochapwa juu ya kile kipande kikubwa cheusi, geuza mgongo usome na ya nyuma. Jina la nje hupachikwa na yeyote mwenye gundi. Namba ya ndani ndiyo jina alilopewa kitu na aliyekizaa.

Sasa nikuambie kisa chenyewe.

Pale Magogoni kulikuwa na kituo cha kufundishia wasichana kushona na kupiga chapa. Kiliongozwa na Bi Riziki, mjane mmoja mwenye moyo na mwenye kelele. Wafadhili walikuwa wamemletea kompyuta moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitazama. Nilimwambia siku moja, "Bi Riziki, kadi ya sauti imefika, lakini bado haina draiva."

"Dereva!" akasema. "Kwani hii ni gari, Mama Athmani? Na dereva naye atataka mshahara?"

Wasichana walicheka mpaka vyerehani vikasimama.

Kadi ile ilinitesa. Wasichana walikuwa na masomo ya kusikiliza, na bila sauti hayakuwa na maana. Nilisoma namba yake, nikaizungukia mjini mpaka nikaipata draiva yake, nikaweka nakala kwenye disketi yangu. Lakini lile bati la nyuma la kadi halikutaka kuingia katika kasha. Nikaazima tupa kwa fundi wa makufuli, nikalikwangua pembe moja mpaka likakaa, likabaki na mkato wa mshazari kama jino lililovunjika. Skrubu nayo haikuwapo. Bi Riziki akafungua kopo lake la vipuri akanipa skrubu ya cherehani, ya rangi ya shaba, kichwa kipana. Niliikaza kwa nguvu ikauma. Sauti ikatoka. Siku ile niliimbiwa na darasa zima.

Kituo kilikuwa na funguo tatu. Mmoja wa Bi Riziki, mmoja wa mlinzi, na mmoja wangu, kwa sababu nilipenda kwenda Jumapili wakati hakuna watu. Wangu ulikaa nyumbani, juu ya msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Mlinzi aliitwa Kazungu, mtu wa Rabai. Sitakupambia nikuambie alikuwa malaika. Alikunywa mnazi, usiku mwingine akalala fofofo, na alikuwa mkali wa maneno. Ukimwamkia asubuhi aliweza kukujibu na aliweza kutokujibu. Mkewe, Sidi, alikuwa akichoma mihogo kando ya kituo, na yeye ndiye aliyekuwa mpole kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu moja Bi Riziki alifungua mlango akakuta pengo mezani. Kompyuta hakuna. Kioo wamekiacha, kasha wamelichukua. Kufuli zima, dirisha zima.

Tukakusanyika pale uani: wasichana, majirani, wajumbe wa kamati, mimi. Bi Riziki alikuwa akilia na kusema pamoja. Kila mtu alisema lake bila kumtaja mtu. Ndipo mimi, mwanangu, niliposimama. Niliona naongea kwa akili, kama fundi anavyotafuta ugonjwa: mlango haukuvunjwa, basi ulifunguliwa, na uliofunguliwa una ufunguo. Nikasema, "Mwenye ufunguo, mwenye kukesha hapa usiku kucha, na mwenye kulewa, ni mtu mmoja. Mtafuteni wapi tena?"

Kazungu aliniangalia. "Na wewe Mama Athmani una ufunguo," akasema. "Mbona hujajitaja?"

"Ufunguo wangu uko nyumbani kwangu msumarini!"

"Umeuona leo?"

Watu wakamzomea kwa kumjibu hivyo mama mtu mzima. Mimi niliinua mtandio wangu nikakaa, nimejaa hasira ya mtu aliyetukanwa. Na kweli nilikuwa nimeuona ufunguo asubuhi ile. Ulikuwa pale pale. Sikujiuliza kama ulikuwa pale pale usiku.

Walikuja askari wakamchukua. Walimweka ndani siku kadhaa, hawakumpata na kitu, wakamwachia. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, na chumba walichokaa kilikuwa cha kituo. Sidi alifunga vyombo vyake katika kanga mbili. Nilikuwa njiani nikitoka sokoni nikawaona wakipita. Nilitazama upande wa pili.

Mwezi haujaisha, mjomba wako Swaleh akaja dukani na kompyuta mabegani.

Unajua nilivyokuwa na Swaleh. Mama yetu alipoanza kuugua, mimi ndiye niliyemwogesha Swaleh na kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Hata sasa nikisema "ndugu yangu" ni yeye tu ninayemwona. Alikuwa ameingia katika biashara ya kompyuta za mitumba, mara ana mali, mara hana, lakini kicheko chake kilikuwa kile kile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umetoa wapi hiyo?"

"Mjini, imeshuka na kontena. Nina mteja wake tayari. Kila kitu kizima, ila picha mbaya na sauti haina. Inasema ina vifaa isivyovijua. Nitafutie draiva, dada yangu, hakuna akushindaye kwa hilo."

Nikaiwasha. Rangi zilikuwa chache na nene, herufi kubwa kama za watoto, alama za njano zimejipanga. Kasha lilikuwa jingine, jipya, linanukia plastiki. Sikuwa na fikra yoyote mbaya wakati ule, Mungu ni shahidi. Lilikuwa ni lile donda langu la kazi tu lililoniwasha. Mashine ya mtumba, mwanangu, hushuka kwa namna mbili. Ama inakuja na yake yote, mpaka barua za ofisi ya Ulaya utazikuta mle, ama diski yake imetolewa. Hii ilikuwa na diski, na diski imefutwa ikatiwa programu upya, kwa haraka, na mtu asiyekuwa na draiva za vifaa vyake. Ndiyo sababu ilikuwa imesahau viungo vyake yenyewe.

"Nani aliyeifuta?" nikauliza.

"Ilikuja hivyo hivyo."

Nikatazama tarehe ya mafaili. Ilikuwa ya wiki iliyopita. Kontena haliji Mombasa kwa wiki moja.

"Swaleh, imefutwa juzi hii."

"Basi labda ni yule muuzaji. Dada nawe, una shaka kama karani wa forodha!" Akacheka, nami nikacheka. "Niachie," nikamwambia, "nitakuita uje."

Alipoondoka nikachukua bisibisi. Nilikuwa nakwenda kusoma namba tu, kama siku zote. Nikatoa kifuniko, nikainamisha taa, na kabla sijaona namba yoyote nikaiona skrubu. Ya rangi ya shaba, kichwa kipana. Na chini yake mkato wa mshazari.

Nilikaa nayo muda mrefu. Mteja aliingia kutaka barua ya kuomba kazi, nikamwambia umeme hakuna, na taa inawaka juu ya kichwa chake.

Nilijaribu kila njia ya kutoamini. Niliitia ile disketi yangu yenye draiva ya kituo, na mashine ikaikubali papo hapo, sauti ikatoka. Nikajiambia hiyo si hoja, kadi za namba hii ziko nyingi na draiva yao ni moja. Nikajiambia labda Swaleh naye ameuziwa, hajui. Hili nililishikilia sana. Lakini mkono uliokwangua lile bati ulikuwa wangu, na ufunguo uliofungua mlango ule, kama si wa Bi Riziki na kama si wa Kazungu, ulikuwa wangu pia. Na aliyekuja kula chakula cha usiku kwangu Jumapili ile ya wizi, akaingia jikoni kujipakulia mwenyewe, na alfajiri akarudi kunywa chai, namjua.

Alikuja kesho yake. Nilikuwa nimefunga mlango wa duka nusu.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona. Kaa."

Akakaa. Nikafungua kiganja changu nikamwonyesha skrubu. "Hii ni ya cherehani," nikamwambia. "Bi Riziki alinipa kwa mkono wake. Niliikaza kwa mkono wangu. Sasa niambie ilifikaje katika kontena."

"Wallahi dada..."

"Usiape, Swaleh. Ukiapa nitakuwa na mawili ya kukuchukia."

Nilimwona akitafuta neno, kisha akaacha kulitafuta. "Kilikuwa kitu cha msaada tu," akasema. "Wazungu wangeleta kingine. Wao hawahesabu."

"Na Kazungu?"

"Sikujua kama watamkamata. Mimi sikumtaja." Akainua macho. "Wewe ndiye uliyemtaja."

Mwanangu, nimepigwa makofi katika maisha haya, lakini hakuna lililofika pale lilipofika neno lile. Kwa sababu lilikuwa kweli, na lilisemwa na mwizi.

Nikamwambia, "Utaibeba wewe mwenyewe mpaka Magogoni, mchana, watu wakiona. Utasema."

"Utanipeleka ndani, dada?"

"Ibebe kwanza."

"Nitakuja Ijumaa," akasema, "baada ya swala." Nikamwacha aende. Hilo nalo ni kosa langu, kwa sababu nilijua. Nilimjua tangu ana meno mawili, nilijua anavyotembea akiwa anasema kweli na anavyotembea akiwa haisemi, na siku ile niliuona mgongo wake ukitoka mlangoni. Nilingoja Ijumaa, nikangoja Jumamosi. Jumapili nikasikia amepanda basi la Nairobi usiku wa siku ile ile tuliyozungumza dukani.

Nilikodi mkokoteni nikaipeleka mashine mwenyewe. Bi Riziki alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi. "Kitu kimerudi," akasema. "Yaishe hapa hapa, Mama Athmani. Una mtoto, una jina. Kwa nini ujivue nguo sokoni?"

Nitakuambia kweli: nilitamani sana kumfuata. Alikuwa ananipa mlango wa nyuma na taa yake. Kilichonizuia si uchaji Mungu. Ni kwamba nilikumbuka Kazungu aliniuliza swali la maana kuliko maswali yote ya siku ile, "Umeuona leo?", nami niliyejidai najua kutafuta ugonjwa sikulijibu.

Nikaenda Rabai. Niliuliza njia mpaka nikafika. Kazungu alikuwa juu ya mnazi, anagema, na Sidi alikuwa uani anapepeta mchele. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Kazungu aliposhuka nilimweleza yote, jina la ndugu yangu, ufunguo wangu, skrubu. Alisikiliza huku akifuta kisu chake.

"Umekuja mbali kuniambia kitu ninachokijua," akasema. "Mimi nilijua sikuiba."

"Bi Riziki anasema kazi ipo ukitaka kurudi."

"Siitaki. Watu wale wakipoteza hata sindano watanitazama mimi."

Nikaomba radhi. Sidi ndiye aliyeweka ungo chini akaniuliza, kwa sauti yake ile ya upole, "Mama, yale maneno ulisema ukiwa umesimama, mbele ya watu. Haya ya leo unayasema wapi?"

Nikarudi Magogoni, nikamwambia Bi Riziki aite watu wale wale. Hakutaka. Nikamwambia nitasimama njiani niwaambie mmoja mmoja. Akawaita. Nikasimama pale pale uani nikasema Kazungu hakuiba, aliyeiba ni Swaleh ndugu yangu wa tumbo moja, ufunguo ulitoka kwangu, na niliyemsingizia ni mimi. Wapo walioondoka kabla sijamaliza. Wapo walioacha kuleta kazi zao kwangu, na ndiyo sababu mwaka ule tulihama nyumba, nawe hukujua. Msichana mmoja tu alikuja akanishika mkono.

Tangu hapo shaka yangu haijapungua, usinidhanie nimekuwa mwingine. Bado namwangalia fundi mikono. Ila nimejifunza kuigawa. Namuonea shaka wa mbali, lakini na wa karibu naye napita nikamtazama, na mimi mwenyewe wa kwanza. Siku ile nilihesabu funguo tatu, nikazikagua mbili, na wa tatu nikaupitisha kwa sababu ulikuwa wangu.

Sasa, mjomba wako. Amekaa Nairobi miaka hii yote bila kunitumia neno, mpaka aliposikia umepata kazi. Akapiga simu kwa jirani, akasema, "Mlete kwangu, kwa nini apange chumba na mimi niko?" Nilikubali mbele yako, na tangu nikubali silali. Najiuliza anataka nini. Anataka mpwa, au anataka kijana wa kufungua kompyuta? Ana duka sasa, analiita karakana, na sijui vitu vya mle vinatoka wapi. Nawe ni mwepesi wa kupenda watu, umemfuata baba yako.

Jana nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia. Nikamwambia, "Swaleh, namuandikia Athmani kila kitu. Hatakuja kwako akiwa hajui."

Nikasikia akifunga mlango huko aliko. Kisha akasema, "Mwambie yote, dada. Usinipunguzie. Akija hata hivyo, nitajua nina mpwa." Halafu akauliza, "Basi lake linafika saa ngapi? Nitakuwa pale kabla yake."

Nilisimama na ule mkono wa simu sikioni baada ya yeye kukata. Nilikuwa naipima sauti yake, natafuta wapi imepasuka. Sikupata. Sijui kama ni kwa sababu haikupasuka, au ni kwa sababu ni sauti ya mtoto niliyemwogesha.

Kwa hiyo sitakuamulia. Ukitaka kupanga chumba chako, panga, nami sitaona vibaya. Ukikaa kwake, kaa kama mtoto wa nyumbani, usiwe mpelelezi wangu, sitaki barua za kuniambia nani ameleta nini. Lakini kazini kwake, akikuletea mashine iliyosahau viungo vyake akakuambia ilikuja hivyo hivyo, muulize nani aliyeifuta. Umuulize kwa adabu, na usiguse bisibisi kabla hajakujibu.

Nasikia watoto wa jirani wanalitaja jina lako huko nje, nadhani umeshafika kona. Naifunga hapa, nitaitia chini ya nguo zako uikute njiani.

Ukishuka pale stesheni ya basi na ukamwona amesimama, usingoje yeye aanze. Yeye ataona haya, na mtu mwenye haya huonekana kama mwenye kiburi. Mwendee wewe, umpe mkono, umwambie, "Shikamoo, mjomba." Mimi kwa miaka hii sikuweza kumtumia hata salamu. Nakuomba uichukue hiyo, umfikishie.

Mama yako